Miche ya Kahawa ya Stani

Mjukuu wangu Aline,

Hapa Nyakarenzo tupo. Bibi yako anakohoa kidogo, na mvua imechelewa. Unauliza kwa nini mumeo, anayeshuka mgodini kila asubuhi huko Kolwezi, akitoka hunywa na kuendesha pikipiki kama kichaa, na kama bado anawapenda wewe na mtoto.

Nilipokuwa dereva wa lori, mwenzangu Stani alikuwa hivyo. Barabara ya msitu wa Nyungwe, ya kwenda Butare, ilikuwa imeua wengi wetu. Siku moja mkewe alileta miche ya kahawa, akamwambia Stani: "Papa, tupande. Kisha miaka tatu tutavuna."

"Miaka tatu? Maman, hata Butare sijue kama nitafika!"

Sisi madereva tukacheka naye. Mkewe akanipa michache nikaipanda. Mingine ikakauka kwenye mikebe.

Niliuona ule kuwa ujasiri. Kumbe alimpenda sana mkewe, ila aliogopa kuanza kitu ambacho angekiacha njiani.

Barabara haikumuua. Ni mzee sasa, na kila msimu anakuja kutuchumia kahawa ya miche ile kwa kibarua. Huniuliza miti hii niliipanda mwaka gani. Mimi humjibu kwamba sikumbuki.

Mpe mumeo barua hii siku ambayo hajanywa.

Babu yako