Kadi Moja kwa Majina Mawili

Makorora, Tanga
Aprili 1955

Dada yangu mpenzi, Mwanaisha binti Hamadi, Wete,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani pako bila ya homa, na goti lako likikuruhusu kusimama katika sala. Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio usiotulia, na sababu yake nitakueleza kwa utaratibu. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu ili usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Wajua kuwa tangu nilipoacha kusomesha napeleka habari za Tanga kwa gazeti moja la Dar es Salaam. Sasa imetoka amri: asiye na kadi ya mwandishi wa habari, yenye picha na mhuri, haruhusiwi kuingia mahakamani na kalamu yake, wala gazeti halitapokea maneno yake. Nikapiga picha, nimevaa kanzu na koti, nikaipeleka bomani pamoja na barua ya gazeti inayomtaja Mbaruku na stakabadhi yangu ya kodi.

Hapo kosa langu la ujana likanikamata. Utakumbuka nilivyougua utotoni, hata mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akasema jina nililopewa ni zito, limenilemea. Nikaitwa Mbaruku, nikapona, na mama akatuapisha wewe na mimi tusilitaje tena lile la kwanza. Nilipofika Tanga, karani wa kodi aliponiuliza jina, niliona si busara kulitia jina langu hai katika daftari la serikali. Nikampa lile lililotupwa, kwa kuwa halikuwa na kazi. Tangu siku hiyo serikali inamjua mtu mmoja, na mji unamjua mwingine.

Karani wa boma ni Mbondei, mtu mzima mwenye adabu. Aliziweka karatasi zangu mbili, barua na stakabadhi, ubavu kwa ubavu.

"Shikamoo, mzee. Leo mmekuja wangapi?"

"Marahaba. Nimekuja peke yangu."

"Mimi naona wawili. Mmoja analipa kodi, haandiki. Mwingine anaandika, halipi kodi. Na huyo wa pili anatafutwa."

Anatafutwa kwa sababu mwezi wa Rajabu niliandika kuwa katika shamba moja la mkonge, nje ya mji, wafanyakazi wanakunywa maji ya mfereji unaooshewa mkonge. Aliyenionyesha mfereji ni mkata mkonge aitwaye Saidi. Jina lake nililitia gazetini kwa ruhusa yake. Alisema, "Liandike, mwalimu, wasije wakasema ni uvumi." Sasa bwana wa shamba ameshitaki kuwa hakuna mwandishi aitwaye Mbaruku, na kwamba Saidi ameyatunga mwenyewe. Mwandishi asipojitokeza kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, Saidi atatolewa katika kambi ya wafanyakazi pamoja na watoto wake.

Karani akapunguza sauti. "Mzee wangu, sema tu humjui Mbaruku. Huyu mlipa kodi nampigia mhuri sasa hivi, ukanywe chai nyumbani."

"Na Saidi?"

"Saidi ni jamaa yako?"

"Mbaruku ni mimi."

"Basi lete shahidi. Na ukimleta, utaulizwa habari za yale maji mbele ya Bwana Shauri wa wilaya, na kadi yenyewe huenda usiione."

Nikamwomba karatasi. Nikaandika kuwa majina yote mawili ni yangu, nikatia sahihi. Akaisoma mara mbili. "Haya, mzee," akasema, "nilikufungulia mlango, umeufunga mwenyewe."

Dada, majirani zangu wataapa kuwa mimi ni Mbaruku, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia lile la kwanza. Stakabadhi, wataniambia nimeiokota. Baba hayupo, mama hayupo, mwalimu hayupo. Umebaki wewe. Nenda kwa kadhi, umweleze kuwa majina hayo mawili alipewa mtoto mmoja, naye aandike na atie mhuri.

Najua kiapo chako. Nimemwuliza shehe wetu, naye amesema kiapo kinachomdhulumu mtu huvunjwa, na kafara yake ni kulisha maskini kumi. Ukiniruhusu, nitawalisha mimi kwa niaba yako. Wala usiniambie kuwa waogopa ugonjwa utanirudia. Nina miaka sitini na mitatu. Ugonjwa hauhitaji jina ili kunipata. Ukinyamaza, nitakuwa nimejitwalia jina la mtu asiyekuwapo, na Saidi atakuwa mwongo. Ukisema, nitaulizwa habari za maji, nami nitajibu nilichokiona.

Mchukuzi wa barua hii ni Faki, mfanyabiashara wa mchele, jirani yetu wa Mabawa. Atakaa Wete siku tatu, kisha atarudi na karatasi ya kadhi.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo. Mkweo aliyejifungua, umwambie nafurahi. Imamu wa msikiti wenu naye umpe salamu zangu. Wifi yako hapa akusalimu, na hajui lolote katika haya ila lile la maji.

Jina lenyewe nimeliandika hapa chini kwa mkono wangu, ili usiwe wewe wa kwanza kulitaja.

Nduguyo,
Mbaruku bin Hamadi,
niliyezaliwa Suleimani