Nifunge Geti la Mzee Ambrose, au Nisahau?

Mpendwa Bi Beryl,

Nakuandikia nikiwa nimesimama jikoni, kwa sababu nikikaa nainuka, na nikiinuka sijui naenda wapi, hivyo ukiona mwandiko unatoka nje ya mstari unisamehe, na tafadhali sana unijibu kwenye safu yako gazetini kabla ya Jumanne ya mwisho ya mwezi huu, maana siku hiyo ama nitakuwa nimefunga geti ama nitakuwa sijafunga, na mpaka sasa sijui nitaamka mwanamke wa namna gani. Majina nimeyabadilisha, ingawa mtu yeyote wa huku kwetu Herefordshire akisoma mistari miwili tu atajua ni nani.

Njia yetu ya baiskeli inapita juu ya reli ya zamani. Treni ziliacha kuja nikiwa mtoto, vyuma vikang'olewa, miiba ikajaa, kisha sisi wa kujitolea tukaingia na makoleo tukafyeka wikendi baada ya wikendi, na leo mtu anaweza kutoka mjini na hema lake nyuma ya baiskeli akapita kwenye bustani za matufaha hadi mpakani mwa Wales bila kuonana na gari, na wanakuja wengi, wastaafu, akina mama wanaovuta watoto kwenye vitela nyuma ya baiskeli, hata Waholanzi, ambao kwao njia kama hizi zimejaa. Lakini katikati kuna shamba la mzee Ambrose Tunnicliffe, na pale njia si ya umma, ni hisani yake tu, na asingelifungua geti lake watu wote hao wangeshuka kwenye barabara kuu kugombania nafasi na malori ya maziwa. Mimi barabara hiyo naijua, Bi Beryl, maana lori lilinipitia karibu mno likanitupa mtaroni na baiskeli yangu, nyonga ikavunjika, na aliyenikuta alikuwa Ambrose mwenyewe, akaketi na mimi kwenye matope akinieleza habari za kondoo wake mmoja baada ya mwingine ili nisizimie, mpaka gari la wagonjwa likafika. Pasaka iliyofuata akafungua geti. Hatukuwa tumemwomba, naye hakueleza kitu, na sisi tukampelekea keki ya kushukuru, basi.

Sasa unajua desturi ya wenye mashamba, mtu akipitisha watu kwa hisani hufunga siku moja kila mwaka, ili kesho na keshokutwa wasije wakadai kwamba njia imekuwa haki yao. Siku ya Ambrose ni hiyo Jumanne, na mwenye kumfungia ni mimi, kwa sababu naishi karibu na geti, basi asubuhi natia mnyororo na kufuli, naye anakuja na viti viwili na chupa ya chai, tunakaa pale na makoti yetu ya mvua tukiwarudisha watu. "Leo ni yangu," anawaambia, "kesho ni yenu, na wewe kijana, hiyo kaptula imekubana hivyo, damu inafika miguuni kweli?" Wanacheka, wanageuza. Nakwambia ukweli, hakuna siku ninayoifurahia kama hiyo, na najua ni ajabu kusema hivyo kuhusu siku ambayo njia niliyoifyeka kwa mikono yangu imefungwa.

Mwaka huu ameugua moyo, hatoki nje, na mwanawe Dominic amekuja kutoka Birmingham na kutuambia mbele ya watu, tena kwa adabu, kwamba siku baba yake atakapofumba macho geti halitafunguliwa tena, kwamba kondoo wametoroka mara nyingi kwa sababu ya watu wa baiskeli wasiojua kufunga nyuma yao, na hapo, Bi Beryl, hakusema uongo. Ndipo mwenyekiti wa kamati yetu ya kujitolea, Graham Pocock, akanivuta pembeni.

"Jumanne wewe sahau tu," akasema.

"Nisahau nini?"

"Kufunga. Ukisahau mwaka huu, Dominic hawezi kudai baba yake alifunga kila mwaka. Tunapeleka mashahidi halmashauri, njia inakuwa yetu, imeisha hiyo. Na kwa umri wako, mama, nani atashangaa ukisahau?"

Nilimwambia umri wangu na wake ni mmoja. Lakini usingizi uliniruka, kwa sababu nawaona wale watoto kwenye vitela wakishuka barabarani, na nyonga inaniuma nikiwaza tu.

Kesho yake nikaenda kwa Ambrose. Akaniambia, "Bibie, mwaka huu miguu imenigomea. Utanifungia?" Nikasema nitafunga. "Najua," akasema, "wewe sina haja ya kukuuliza mara mbili." Kisha akawa anatazama dirishani kule kwenye tuta la reli, akaniuliza, "Kuna kitu kingine ulitaka kusema?" Nikasema hapana, naona tu mvua inakuja. Akasema ndiyo, inaelekea inakuja. Nikaenda zangu.

Nikiwa na Ambrose namwona Graham mwizi, nikiwa na Graham namwona Ambrose mchoyo, na nikiwa peke yangu najiona mimi ndiye mnafiki. Nimelipaka kufuli mafuta, kisha nikauficha ufunguo kwenye kopo la unga ili nisiuone, kisha nikaoka mkate na sasa sijui ni kopo gani. Kufunga ni kuwaua watu barabarani, kutofunga ni kumwibia mgonjwa aliyeniokoa. Nifanye lipi?

Mimi ninayezunguka jikoni,
Mwenye Kufuli

*

Mwenye Kufuli,

Kaa chini kwanza. Vuta kiti, weka birika jikoni, na ukitafuta ufunguo mwaga unga kwenye beseni, kopo moja moja. Barua yako nimeitanguliza mbele ya wote, hata ya yule bwana anayelalamika kuhusu ua wa jirani, kwa sababu Jumanne haitungoji.

Nimekuhurumia, na barabara hiyo naijua, wala sioni ajabu nyonga ikikuuma. Lakini sasa niruhusu nikugombeze kidogo, maana umeyataka.

Tuanze na huyo Graham. Mwambie aende kwa wakili yeyote wa mjini, amweleze mpango wake, kisha aangalie wakili anavyojikaza asicheke. Sheria haitazami Jumanne moja. Inatazama miaka mingi ya watu kupita bila mwenye shamba kuonyesha kwamba njia ni yake, na huyu mzee wako ameonyesha mwaka hadi mwaka, tena na viti na chai, mbele ya Waholanzi! Kwa kusahau kwako hamtapata njia. Mtakachopata ni Dominic mwenye hasira na sababu, na mzee kitandani akijua kwamba mtu ambaye hana haja ya kumwuliza mara mbili amemgeuka. Na Graham, niliyemwona kwa barua tu, amekutuma wewe ufanye jambo ambalo yeye mwenyewe hathubutu, halafu lawama akaipa umri wako. Mtu huyo awe mwenyekiti wa makoleo tu.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mmoja wenu alipomwomba Ambrose awaachie njia hiyo moja kwa moja. Sikupaona. Mmefyeka, mmeoka, mmepanga mashahidi, mmenong'onezana pembeni, lakini kumwuliza mwenye mali, hakuna. Hayo ndiyo maradhi yetu sisi Waingereza, bibi wee. Tutasimama nje kwenye baridi hadi tugande kuliko kubisha hodi, eti tusimsumbue mtu.

Na yeye alikufungulia! "Kuna kitu kingine ulitaka kusema?" Mgonjwa wa moyo anakuuliza hivyo, macho yake yako kwenye njia yenyewe, na wewe unamtangazia hali ya hewa! Nilipofika hapo niliweka barua chini nikatembea bustanini.

Hivi unafikiri alilifungua geti lile kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Waholanzi? Aliketi matopeni na wewe, akaona lori lilichokufanya, na Pasaka iliyofuata ukakuta huna tena sababu ya kushuka kwenye barabara ile. Mtu wa namna yake hasemi mambo hayo. Hupeleka bawaba, nyundo na geti. Wewe ukampa keki na asante ya kamati nzima. Sisemi anakutaka uchumba, wala sisemi hakutaki, hilo mtaliona wenyewe. Ninasema huyu si mchoyo, na wewe unajua.

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya. Nenda kwake leo, usingoje kesho. Usichukue keki. Usiende na Graham, na kamati wasijue mpaka urudi. Usianze na mvua. Mwambie, "Ambrose, naogopa siku utakayoondoka geti litafungwa na watu watakufa barabarani. Naomba njia ibaki wazi." Halafu nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu na utakuuma, usiujaze. Akikubali, aje mwanasheria pale pale kitandani, mzee aitoe rasmi kwa halmashauri iwe ya umma daima, na Dominic awepo chumbani asikie kwa masikio yake, asije akasema baba alirubuniwa. Huyo Dominic mpe kitu pia, mwahidi mageti yanayojifunga yenyewe, kondoo wasitoke, maana kwa hilo kijana ana haki, na mikono ya kuyajenga mnayo.

Akikataa, ni mali yake. Utalia njiani ukirudi, na Jumanne utafunga geti kwa mkono wako kama ulivyoahidi, na siku ya pili yake utaanza kupigania magari yapunguze mwendo kwenye barabara ile, mchana kweupe, kwa jina lako halisi.

Lakini nenda. Njia hata ikipotea, watu waliifyeka mara moja na wanaweza kufyeka nyingine. Kisichofyekwa tena ni hiki: mzee anaondoka, na mpaka pumzi ya mwisho anadhani mlichokuwa mnakipenda kwake ni njia tu.

Bi Beryl