Bampa Kwenye Zizi la Mbuzi

Jumatatu, 5 Oktoba 1970

Nimechota maji, nimefagia ua, nimekaanga samaki. Baba amekula kwa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa, umevimba kuliko jana.

Jana sikuandika, nilikuwa na hasira. Baba akirudi kutoka Yiti, kwenye wadi, ule mto mkavu, landrova yake iligonga jiwe. Bampa limepinda upande wa kushoto, limerudi nyuma mpaka linagusa gurudumu. Kaileta hivyo hivyo, taratibu, kwa mkono mmoja.

Jumamosi kampuni ya barabara inakagua Matrah magari itakayoyakodi pamoja na madereva wake. Gari bila bampa hawalitazami. Wakilikubali, Baba ana kazi. Wakilikataa anarudi Kuwaiti, na mimi narudishwa Mombasa kwa Shangazi. Kayasema hayo huku anachambua miba, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi aliponiacha kwa Shangazi akaenda Kuwaiti. Sasa nina kumi na sita, mama hayupo duniani, na huu ndio kwanza mwezi wangu wa pili na Baba. Bado sijui chai yake anaipenda vipi. Humu ndani nina upweke. Lakini sitaki kurudi.

Jumanne, 6 Oktoba

Bampa limeshikwa na bolti nne, mbili kila upande. Fundi wa Matrah kasema yeye hunyoosha chuma tu, kufungua tufungue wenyewe. Baba hawezi kushika spana. Kwa hiyo mimi.

Tumefunga mlango wa ua, mtu asione binti yuko chini ya gari. Baba kakaa juu ya ndoo, anaelekeza. Nati zimeshikwa na kutu. Tukazimiminia mafuta ya taa, tukangoja. Wapi. Akanambia nichomeke bomba kwenye mkia wa spana ili iwe ndefu, niining'inie. Ya kwanza ikalia kama paka aliyekanyagwa, nikaanguka chali.

"Uko hai?"

"Niko hai."

"Basi zimebaki tatu."

Nilicheka. Yeye hakucheka, ila masharubu yalitikisika.

Kabla ya nati ya mwisho alinifanya nisukume sanduku chini ya bampa, lisije likaniangukia miguuni. Nina mafuta mpaka kwenye nyusi. Siku nzuri kuliko zote tangu nije. Naona haya hata kuiandika.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeharibu.

Asubuhi tuliliburura bampa tukaliegemeza nje, kwenye kichochoro, hamali wa fundi aje kulichukua na punda wake. Baba akaenda Matrah kutafuta bolti mpya. Mlango ukagongwa. Nikaufungua kidogo, nikajibanza nyuma yake. Si hamali. Mzee Khalfan, jirani mwenye mbuzi. Anaonyesha bampa, anauliza kitu kwa Kiarabu.

Kiarabu changu ni cha msahafu. Nasoma, sisemi. Skuli nimesomeshwa Kiswahili na Kiingereza, na hapa vyote viwili havinifai kitu. Nikifungua mdomo watoto wa kichochoroni huniita Zinjibariya, mtu wa Zinjibar, ingawa nimetoka Mombasa, kisha huniigiza. Nilitaka kusema, tafadhali, msubiri Baba. Likatoka "tafadhali". Mengine kwa Kiarabu sikuyapata.

Akaniombea baraka nyingi. Nikadhani anaaga. Akalitia bampa begani, akaenda nalo.

Baba aliporudi nikamweleza. Akafumba macho. "Mwanangu, kwetu tafadhali ni kuomba. Kwao ni karibu, chukua. Umempa."

Nikamwambia akaliombe. Hataki. Siku tuliyohamia, Mzee Khalfan ndiye aliyetuletea maji na tende. "Nikampokonye zawadi mkononi? Nna uso gani wa kwenda?"

Basi uso wake una thamani kuliko mimi. Nimeandika na sifuti.

Alkhamisi, 8 Oktoba

Baba kazunguka Matrah nzima. Hakuna bampa jingine.

Juu ya paa, ninapoanika nguo, naliona zizi la Mzee Khalfan. Bampa limelazwa chali kama hori. Kaziba ncha na matundu ya bolti kwa udongo, kalijaza maji. Mbuzi wamejipanga wanakunywa. Nawachukia wote.

Jioni nilimsikia Baba anavuta sanduku lake la bati uvunguni. Anapanga nguo. Mkono mmoja, taratibu. Sikutoka kumsaidia.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe. Wanaume walikuwa msikitini. Nikavaa buibui, nikaingia upande wa wanawake. Mama Zuwena, mkewe, anapepeta mchele, binti zake wamemzunguka. Tangu alfajiri nilikuwa nimejenga maneno mawili: ana ghaltana, mimi nimekosea. Likatoka la kwanza. La pili nusu.

Wakanitazama. Nikaonyesha zizini kwa kidole, nikanyoosha mkono kama nampa kitu, nikasema "tafaddal", nikatikisa kichwa: siyo. Nikakinga viganja kama ombaomba, nikasema "tafadhali". Mama Zuwena akanikodolea macho. Kisha akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Akawaeleza binti zake, kwa nilivyofahamu: watu wa Zinjibar wakiomba husema chukua. Wakacheka wote. Sijawahi kuchekwa vile. Miguu ilitaka kukimbia. Nikasimama.

Mzee Khalfan aliporudi kutoka msikitini mkewe akamwambia. Akaenda moja kwa moja zizini, akamwaga maji. Ule upande uliopinda alikuwa ameshaugonga kwa nyundo, maji yasimwagikie upande mmoja. Akalileta mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. Hapo wakashindana: Baba anaapa halichukui, yeye anaapa halirudi kwake, bampa liko chini katikati yao. Mwisho Baba akatoa karai letu la kufulia, likawa la mbuzi.

Tumelifunga jioni. Bolti zote nne kwanza kwa vidole, ndipo spana, huku kidogo, kule kidogo. Halijanyooka sawasawa. Lakini halikwangui gurudumu. Baba hakuniambia ahsante. Alinishikia taa karibu zaidi ya ilivyohitajika.

Jumamosi, 10 Oktoba

Baba karudi alasiri. Wamelitazama bampa, wamelipiga teke, wamelipitisha. Kazi ipo.

Kambi ya kazi iko mbali, njia ya Sohar. Watalala huko, kurudi ni kila Alkhamisi jioni. Alijua tangu mwanzo. Kanambia huku anatazama viatu vyake.

Kuwaiti ilikuwa miaka. Hii ni juma. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatatu, 12 Oktoba

Kaondoka jana asubuhi. Nimefagia ua. Pale gari liliposimama pana mafuta meusi, nimeyamwagia mchanga.

Nimepika wali wa watu wawili bila ya kufikiri. Wake nikaufunika. Baadaye nikaufunua, nikala kidogo, nimesimama.