Kimya Kilichokuwa na Adelina

Buhongwa, Mwanza

Dada yangu mpendwa Kokushubira,

Pokea shikamoo ya mdogo wako. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, magoti yakikuruhusu kufika kanisani, na shemeji akiendelea kupata nafuu ya mgongo. Mimi ni mzima kwa kadiri Mungu anavyowajalia watu wa umri wetu. Naomba radhi kwa kutokukuandikia tangu Pasaka. Ningekupigia simu, lakini natambua kwamba simu sasa ni adha kwako: mara ya mwisho nilikuuliza kama mvua imenyesha, ukanijibu “Amina,” nami nikaelewa kwamba ulikuwa hunisikii ila hukutaka kunivunja moyo.

Katika barua yako uliniomba jambo moja tu. Uliandika kwamba sikio la kushoto limekwisha kufunga na la kulia linafuata, na kwamba kabla halijafunga ungependa kumsikia tena wifi yako Adelina katika ule wimbo wa mavuno, niliourekodi kwa redio kaseti pale kanisani kwetu, wewe ukiwa sauti ya kwanza na yeye ya pili. Nilikujibu kwa haraka kwamba nitautuma. Ahadi hiyo imenitesa, dada, na barua hii ni maelezo ya sababu za kuchelewa kwake. Naomba uvumilie urefu wake.

Kwanza habari za hapa. Binti yetu Georgina amehamishiwa Dodoma na ofisi yake. Alitaka twende pamoja, nikamwambia kwamba mzee hahamishwi kama jalada. Kwa hiyo nimebaki peke yangu kuilinda nyumba yake, ingawa sijui ningemfanya nini mwizi zaidi ya kumkaribisha kiti. Majirani zangu Wasukuma ni watu wema mno. Mama wa nyumba ya pili huniletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na kunigombeza: “Kula, babu! Umekuwa kama nguzo ya umeme.” Kabla sijamaliza kumshukuru ipasavyo, amekwisha kuvuka barabara. Siku hizi mimi huwasha redio si kwa ajili ya habari, bali ili ndani ya nyumba pawe na mtu anayemaliza sentensi.

Utakumbuka kwamba baada ya matanga ya Adelina uliniuliza kwa nini siwezi kubaki nyumbani, nami nikakujibu kwamba siwezi kulala katika nyumba isiyo na mtu. Naona aibu kidogo kukuandikia kwamba sasa nalala katika nyumba nyingine isiyo na mtu, na tofauti yake ni kwamba hii haina migomba.

Nirudi kwenye wimbo. Georgina aliniachia kompyuta yake ya zamani, nikaipeleka Mabatini kwa fundi mmoja mwanamke, anaitwa Nyanzobe, mama wa makamo mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Aliifungua, akaipuliza, akanitazama.

“Shikamoo baba. Hii umeitoa makumbusho?”

“Marahaba, mwanangu. Ni ya binti yangu. Samahani kwa vumbi lake.”

“Vumbi si tatizo, tatizo umri. Nikiiwekea mfumo mzito itakufia mikononi. Nakuwekea Linux.”

“Na hiyo Linux ni mali ya nani?”

“Ya watu.”

“Watu gani?”

“Watu tu, baba! Mmoja yuko kule, mwingine kule, wanaandika, wanarekebishana. Hulipi. Ukitaka kuangalia ndani ilivyoandikwa, ruksa. Na hii programu ya kurekodi sauti ninayokuwekea ni hivyo hivyo.”

“Sasa wao wanakula nini?”

“Baba, hilo ukawaulize wenyewe.”

Nilifikiri sana juu ya jambo hilo njiani, hata nikagundua kwamba tumewahi kuishi nalo. Je, hukumbuki tulivyokuwa tukinakili nyimbo kwa mkono kutoka kwaya za parokia jirani? Mtu alikuazima karatasi zake za do-re-mi, ukazinakili, ukaona sauti ya nne imekosewa, ukairekebisha, na ukazirudisha kwake pamoja na masahihisho. Hakuna aliyeuliza wimbo ni wa nani. Programu huria, kama wanavyoiita, ni utaratibu ule ule, ila karatasi zao huvuka bahari.

Basi nikaunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nikaupitisha wimbo wote. Nilifanya vema kutongoja, kwa sababu siku iliyofuata redio iliitafuna kanda na kuikata mahali pengi. Hivyo wimbo ukawa umebaki ndani ya kompyuta peke yake. Lakini ulikuwa na mvumo mkubwa, kama mvua juu ya bati la nyumba ya mbali, nami nikawaza kwamba kwa sikio lako moja mvumo ule ungefunika kila kitu. Programu ina njia ya kuuondoa. Unaitafutia sehemu fupi ambayo hakuna anayeimba, unaiambia, “Hii ndiyo kelele, ijue,” nayo huipita rekodi yote ikipunguza chochote kinachofanana na kile ulichoionyesha. Nikachagua pale mwanzoni, kabla hamjaanza. Nikaionyesha. Ikajifunza. Ikasafisha. Nikahifadhi na kufunga, nikiwa nimeridhika kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

Nilipoufungua tena kuusikiliza, nilikusikia wewe vizuri sana, dada. Ngoma ilikuwepo. Wanaume walikuwepo. Adelina hakuwepo. Zilibaki ncha za maneno yake tu, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta wa jirani.

Wewe utakuwa umekwisha kuelewa, kwa maana ulisimama naye mstari mmoja miaka yote. Nani alikuwa akiwatolea sauti? Kabla ya kila wimbo alifumba midomo na kuivumisha noti ya kuanzia, chini kabisa, ili ninyi wanawake mwipokee. Katika kwaya yetu kuvumisha huko hakukuhesabiwa kuwa ni kuimba. Wimbo ulihesabiwa kuanza mimi niliposhusha mkono. Mimi, mwalimu wa kwaya, niliisubiri sauti ile kila Jumapili, na nikiisubiri niliiita kimya. Kwa hiyo nilikwenda kuchukua kimya chetu, nikaiambia mashine kwamba ni kelele. Kwa kuwa alisimama mwisho wa mstari, mbali na redio, sauti yake ilikuwa ndogo. Mashine ikaifuata kila mahali na kuitoa. Ninyi wengine mlipona kwa kuwa mlikuwa karibu.

Sikuweza kukuandikia baada ya hapo. Nilianza barua nyingi zikiishia kwenye salamu.

Nyanzobe alinishauri niwaandikie wenyewe wanaoiunda programu, kwa kuwa wana mahali pao mtandaoni pa kupokea matatizo. Nikaandika kwa Kiingereza nilichofundishwa na mapadre. Niliwaamkia, nikaulizia afya zao na za wazazi wao, nikaomba radhi kwa kuwapotezea muda, nikawaeleza habari za kwaya tangu ilipoanzishwa, na kuelekea mwisho nikafika kwenye tatizo. Wa kwanza akajibu maneno mawili tu: “Toleo gani?” Wa pili akalifunga shauri langu, akisema hakuona shida ni ipi. Nilikwenda Mabatini nimejiinamia. Nyanzobe alisoma, akacheka mpaka akaegemea meza.

“Mwalimu, umewaandikia barua ya posa!”

“Nimewaandikia kwa heshima.”

“Huku mtandaoni watu wanaanza na ubovu. Moja kwa moja.”

“Bila kuamkiana?”

“Bila kuamkiana.”

“Wamelelewa na nani hao?”

Kumbe yuko mmoja aliyesoma mpaka mwisho. Ni mama aitwaye Ilse, wa nchi ya baridi, mmojawapo wa wanaoiandika programu hiyo. Alilifungua shauri upya na kunijibu hivi, nami nakutafsiria, nikiomba radhi kwa kasoro zangu: “Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni mzima. Mama yangu pia ni mzima, na asante kwa kumwulizia. Hapa hakuna aliyewahi kumwulizia. Tafadhali usifute chochote. Programu yetu hairekebishi rekodi ya kwanza, bali hutengeneza nyingine pembeni, na ile ya kwanza huendelea kukaa katika folda ya kazi yako mpaka utakapoamuru itupwe. Nadhani mke wako bado yuko.” Chini yake akaorodhesha mahali pa kutafuta.

Niliibeba kompyuta mpaka Mabatini ili Nyanzobe anisaidie kutafuta. Jirani wa Nyanzobe huuza spika, na huzipiga zote kwa pamoja ili wateja wachague. Nyanzobe alitoa kichwa nje ya kibanda, akapaza sauti:

“Hebu zima huo muziki! Kuna mtu anamtafuta mke wake!”

Spika zikazimwa. Mchoma mahindi naye akaacha kupepea. Nyanzobe akaifungua folda, akaipata rekodi, akaibonyeza. Ukaja kwanza mvumo, ile mvua ya mbali. Halafu chini yake, polepole, noti moja ya midomo iliyofumbwa.

“Ni yeye?” Nyanzobe akauliza.

“Ni yeye.”

Nyanzobe alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha simu ambacho tayari kilikuwa safi, mpaka wimbo ukaisha.

Nimeusafisha upya. Safari hii nilichukua kipande cha mwishoni kabisa, mlipokwisha kunyamaza na kabla kikohozi cha katekista hakijaanza, nacho nimekisikiliza mara nyingi kuhakikisha. Mvumo umepungua. Adelina yupo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jambo moja zaidi, kisha nitakuachia upumzike. Ilse na wenzake walijadiliana wakaona kwamba kosa langu laweza kumpata mtu yeyote, hivyo wamebadilisha programu: sasa, kabla haijaondoa kelele, hukupigia ile sehemu uliyoichagua, kisha hukuuliza swali. Wakaniomba niwaandikie swali hilo kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wetu. Kwa Kiingereza linauliza tu kama sehemu hiyo ni kelele pekee. Mimi niliandika: “Sikiliza kwanza. Je, una hakika hapa hakuna mtu?” Mmoja akalalamika kwamba si tafsiri halisi na kwamba ni refu kuliko dirisha lake. Nikaomba radhi, nikajitolea kulifupisha. Ilse akasema dirisha litapanuliwa. Hivyo, dada, mdogo wako ana sentensi yake ndani ya programu ya dunia nzima, na yeyote atakayeitumia kwa Kiswahili ataulizwa na mimi bila kunijua.

Toleo hilo jipya liliponifikia, nililijaribu. Swali likatokea mbele yangu, katika sebule hii ya Georgina, na sikuweza kubonyeza jibu. Niliifikiria nyumba yetu. Nilikuambia haina mtu, nikafunga mlango na kupanda meli kuja Mwanza, lakini sikuwahi kuketi ndani yake hata jioni moja nikasikiliza.

Kwa hiyo sitautuma wimbo kwa mkono wa msafiri kama nilivyokusudia. Nitauleta mwenyewe, Georgina atakapopata wa kumkabidhi nyumba, na nimemwomba afanye hima kwa ajili ya sikio lako. Tafadhali mwombe jirani yetu anayetunza kibanja chetu cha migomba afungue madirisha ya nyumba yangu, lakini asihamishe kitu, hata kile kigoda kilichovunjika jikoni.

Nisalimie shemeji wangu mwenye mgongo. Mwambie asibebe mkungu mpaka nifike, ingawa sitakuwa msaada mkubwa. Nisalimie katekista, na umwambie kwamba kikohozi chake kimehifadhiwa vizuri kuliko nyimbo zetu nyingi. Nisalimie mkweo anayekusomea barua macho yanapochoka, nami namwomba radhi kwa mwandiko huu. Na kaburini kwa wifi yako, ukipita, ng’oa majani kidogo kwa niaba yangu.

Nina spika ndogo za kuvaa masikioni, nitakuvalisha mwenyewe kwenye sikio la kulia. Mwanzoni hutasikia kitu, na utadhani wimbo haujaanza. Nakuomba, dada, usizivue.

Ndimi mdogo wako mtiifu, anayekuheshimu daima,

Deogratias