Fanta Tulizokunywa Jabe

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiwagawie majirani, nakujua. Sisi huku wazima. Mume wangu anashinda gereji, petroli ni ya kutafuta lakini magari mabovu hayaishi, alhamdulillahi. Wajukuu zako wanakohoa kohoa kwa vumbi, si la kukutia wasiwasi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako baba mdogo huiweka sauti kubwa sebuleni, na haya si ya masikio yake. Barua nimempa jirani yetu anayekuja huko Ujiji, atakupa wewe mwenyewe. Nimesikia mdogo wangu Zuhura amerudi tena nyumbani na jicho limevimba, na kwamba Ijumaa baada ya swala mumewe anakuja na wazee kumchukua. Kabla hujapika hiyo pilau, mama, nisikilize.

Nilishakusimulia ile nyumba ya Jabe wanakolala wanawake wasio na pa kwenda. Kila Jumapili twaenda kupika na kufua, watu watatu: mimi, Mama Hadija mwenye duka la vipuri hapa Buyenzi, na Espérance, mwalimu wa kule Musaga. Hatulipwi. Twaenda kwa kupendana, na kwa kuwa Mama Hadija ukimkatalia jambo atakununia mpaka ukome.

Alikuwepo binti mmoja, Jeannine, mjamzito. Mumewe alikuwa akimpiga. Alishakimbilia kwa wazazi wake mara mbili, na mara zote mume alimfuata na wazee na pombe. Huku ndivyo desturi ilivyo: watu wa mke wakishakunywa kinywaji cha mume, kesi imekwisha, binti anafunga mzigo. Ndiyo maana safari ya tatu hakwenda kwao, akaja Jabe. Alitueleza mwenyewe, tunamenya ndizi. Akawa anatuita mama zake, nasi tulifurahi kuitwa hivyo, tulifurahi mno.

Jumapili moja mume akatokea. Mpole, shati limepigwa pasi, na wazee wawili wameshika kofia mkononi. Msimamizi wa nyumba alikuwa misani, tukawapokea sisi. Wakasema wamekuja kwa wazazi wa Jeannine kuomba radhi. Wazazi, yaani sisi! Wakashusha kreti ya fanta. Pombe hawakuleta, walishajua kuna Waislamu. Mama Hadija akaninong'oneza kwamba hawa wametuheshimu, itakuwa utovu wa adabu kuwarudisha na vinywaji vyao. Espérance, aliyezaliwa ndani ya desturi hiyo, akasema afadhali, leo binti amepata watu wa kumsemea, tutamkaripia mume mbele ya wazee wake. Na kweli tulimkaripia. Tulisema maneno makali, tukajisikia watu wazima. Chupa nilizifungua mimi.

Jeannine alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia. Tulipomaliza kunywa akaingia chumbani, akatoka na mfuko wake wa nguo. Hapo ndipo akili iliponijia, lakini wazee walishasimama wanashukuru na chupa tupu ziko mezani. Nilimshika mkono nikamwambia abaki. Akautoa mkono wake taratibu, akamfuata mumewe.

Haukupita muda, Espérance akasikia kule Musaga kwamba amelazwa. Tukaenda wote watatu na uji kwenye chupa ya chai. Mtoto alikuwa ameshatoka, amekufa. Mkono wa Jeannine ulikuwa kwenye plasta na taya limevimba hata kusema ni taabu. Mama Hadija akamimina uji kikombeni, akamsogezea. Mimi ndiye niliyemwambia arudi Jabe, kitanda chake kipo. Akageukia ukutani.

“Kwetu balikunywa,” akasema kwa Kiswahili chao cha huku. “Na kwenu mulikunywa. Sasa nikimbilie kwa nani?”

Uji hakuuonja. Tuliporudi kesho yake tukakuta ameondoka, na mpaka leo hatujui yuko wapi. Kwa mume hayupo, kwao hayupo. Espérance anaulizia sokoni kila akipita. Jabe bado twaenda, lakini hatupigi tena zile soga zetu. Nina hasira, mama. Na yule mume, na wale wazee wake, na sisi watatu tulioleweshwa na kuitwa wazazi.

Nisalimie shangazi muuza dagaa, na bibi wa nyumba ya pili aliyenifundisha kusuka ukili. Baba mdogo msalimie pia, ila barua usimwonyeshe. Zuhura mwambie dada yake anampenda.

Najua itakuuma kuwaacha wageni midomo mikavu, wewe uliyezoea kukirimu hata mpita njia. Na najua utasema mume wa Zuhura si mbaya kiasi hicho. Mama yake Jeannine naye alisema hivyo, mara mbili. Basi Ijumaa wakileta sukari na soda, ziache hapo kizingitini zipigwe na jua. Wakikusogezea kikombe, sema umefunga. Na kwa kuwa baba mdogo atadakia kwamba Ijumaa haifungwi peke yake, wewe, mama, anza kufunga Alhamisi.

Mwanao,
Mwajuma