Toazi la Sehemu Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua na bado hataki kuambiwa apumzike. Mimi nipo, karakana imejaa redio mbovu hadi sina pa kuweka kikombe.

Shemeji amenipigia simu akaniambia kwamba Jumamosi unampa jirani drams zako zote, ngoma na matoazi, maana umeshajihesabu mzee. Alicheka, akasema angalau sebule itapata nafasi. Mimi sikucheka. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ningebabaika nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Unakumbuka tulivyoanza na yale matoazi ya umeme. Wapangaji wa juu walikuwa wamekuchoka, wakasema matoazi yako ya shaba yakilia tena watahama au watakuhamisha. Nikakata sahani za plastiki, nikabandika chini yake sensa, vile visahani vinavyohisi pigo, nilizozitoa kwenye ving'ora vya kuchezea. Ukanitania kwamba nimefungua mgahawa. Lakini mimi nilitaka toazi moja liwe na sehemu tatu kama la shaba: ukigonga kitovu lilie kengele, bapa litoe mlio mwembamba, ukingo ulipuke. Ukingoni niliweka tepe mbili za shaba zilizotenganishwa na sponji nyembamba. Ukipiga pale zinagusana, mlipuko unatoka. Ulipousikia mara ya kwanza ulinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Bendi yenu nzima ikaniita fundi bingwa, nami nikavimba kichwa.

Likaja onyesho la ukumbini. Katika ule wimbo wa taratibu, mwimbaji akinong'ona, wewe ukagonga kitovu, ukatoka mlipuko wa ukingo. Mara nne! Watu wakacheka. Kiongozi wa bendi aliniuliza kama toazi lina hitilafu, nikaapa ni zima kabisa. Basi akakugeukia wewe, akasema mkono umezeeka. Hukubisha. Ulisema labda kweli, na tangu usiku ule hukurudi kwenye bendi.

Kaka, mkono wako haukukosea. Kesho yake asubuhi nililifungua lile toazi. Sponji nilikuwa nimeibandika kwa gundi ya viatu, kwa sababu ile gundi nzuri huchukua siku mbili kukauka na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nililijaribu chumbani kwangu tu, penye ubaridi. Joto la taa za jukwaani liliilainisha gundi, sponji ikateleza, tepe zikawa zinagusana kwa mtikisiko wowote. Niliona kwa macho yangu, nikalifunga, nikasema nitakwambia wiki hiyo. Imepita miezi saba.

Na baya zaidi, nilikusindikiza kwa daktari. Nilikushikia koti akikukunja vidole kimoja kimoja. Aliposema haoni kasoro, ulimwambia basi ni uzee, nami nikaitikia kwa kichwa. Niliona aibu kupoteza jina la fundi bingwa, nikakuacha wewe upoteze lako. Najichukia kwa hilo.

Jana nilienda mazoezini nikawaeleza wote. Kiongozi aliniambia nisikanyage tena pale, kisha akauliza kama utakubali kurudi. Nilimjibu kwamba akakuulize mwenyewe, na aanze kwa kukuomba radhi.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Sikuombi unisamehe sasa. Kasirika utakavyo, una haki. Lakini kabla jirani hajaja, keti kwenye drams zako upige dakika tano tu, mkono wako wenyewe ukwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi