Springi za Fisi

Sitalike,
S.L.P. 96,
Mpanda.
12 Julai, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Apolinari,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tunaomba barua hii ikukute mzima wewe, shemeji Getrude na watoto. Je, kile kifua cha mtoto kimepona? Huku tunaamka na kulala, miili haina ugonjwa. Nikisema sisi ni wazima wa moyo nitakuwa nadanganya.

Barua yako tumeipata juma lililopita. Hakuna anayekulaumu kwa kutofika msibani. Mvua zilikata reli, barabara ikawa matope matupu, ungepitia wapi? Dada yetu Bernadetha alikuwekea nafasi pembeni ya kaburi siku ya kuzika, akasema hapo ndipo angesimama Apolinari. Arobaini tumeimaliza salama.

Umeniuliza kama Mama aliteseka njiani. Swali hilo nimekaa nalo siku sita. Ile simu ya maandishi niliyokutumia kutoka posta ilikuwa na maneno manane tu, na nilifurahi kwamba ni machache. Sasa nina karatasi nzima mbele yangu na sina pa kujificha.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuandikia kwamba springi za nyuma za Land Rover zimechoka. Gari likipakiwa mahindi lilikalia matako, pua ikatazama juu, watu wa hapa wakaliita Fisi. Nikipita sokoni wanapiga kelele za fisi, hata wanawake wa kanisani. Mimi nilicheka nao, lakini jina lile lilikuwa linaniuma.

Wewe uko huko mjini, mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, unajua kazi hiyo. Uliniuliza vizuri kabisa: siku nyingi gari linabeba nini? Nikakujibu gunia kumi na tano. Hizo ni za mavuno, Apolinari, miezi miwili mitatu. Siku nyingine zote linabeba watu wachache, ndoo za samaki na katoni za sabuni. Ukaniandikia tena kwamba springi nene kwa gari tupu ni mateso kwa abiria, nichukue za kawaida. Nikakujibu kwa ukali kwamba wewe ni mtu wa lami, huyajui makorongo ya kwetu. Ukanitumia nilichotaka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na aliyeumia ni mwingine.

Fundi Melkiadi alipozifunga aliniambia msimu wa mahindi ukiisha nimrudishie gari, apunguze vyuma viwili vya springi kila upande ili zilegee. Sikumpelekea. Gari lilisimama limenyooka mgongo, kelele za fisi zikaisha sokoni, nami nikawa napita polepole makusudi wanione. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Mama alianguka kutoka kwenye ngazi ya kihenge mwezi wa nne, akavunjika nyonga. Mahindi yalikuwa bado shambani, kwa hiyo sikuwa na mzigo wowote. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, jirani yetu Ezekia akamshika mabega, Bernadetha akamshika miguu. Gari tupu, springi za gunia kumi na tano. Kila shimo lilimrusha na kumtupa. Nikienda polepole linarusha, nikienda mbio linarusha zaidi. Hakulia, unamjua. Alikuwa anahesabu madaraja kwa sauti, na baadaye akaacha kuhesabu.

Karibu na nusu ya safari akagonga bati la gari kwa kidole, nikasimama. Akaniambia, "Silvesta, gari lako lina njaa. Lipe chakula."

Nilidhani maumivu yamemchanganya. Ezekia ndiye aliyeelewa. Kwenye kijiji tuliposimama wanaume walikuwa wanazibua mtaro uliozibwa na mvua, akashuka akawaeleza. Hawakuuliza mara mbili. Wanane waliweka majembe chini, wakapanda na matope yao miguuni, wakakaa kwenye mabenchi ya pembeni, Mama akiwa chini katikati yao. Hakuna aliyekuwa na safari ya Mpanda. Walipanda wawe mzigo. Gari likatulia, Mama akasinzia kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Tulipomfikisha hospitali wakamwombea, wakarudi kwa miguu, na walikataa hata chai.

Mimi nilikuwa na magunia matupu nyumbani, na mchanga umejaa mtoni. Ningejaza sita tu kabla ya kuondoka. Halikunijia kichwani, kwa sababu nilizoea kuona gari lile ni zuri.

Siku ya tisa alifariki. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ni damu iliyoganda ikaenda kwenye mapafu, inatokea kwa wazee waliovunjika nyonga, wala si safari. Namheshimu daktari. Lakini yeye hakuwa kwenye usukani.

Tulimrudisha kwa gari lile lile. Waombolezaji ishirini na mmoja walijipakia humo, unajua watu wetu hawamwachi maiti asafiri peke yake. Springi zikalala vizuri kama ulivyoniandikia zingefanya zikipata uzito. Kilomita zote zile jeneza halikutikisika. Mama alipata kitanda laini wakati hakihitaji tena, nami niliendesha nikilia mpaka Ezekia akaniambia nisimame nifute macho.

Sasa lipo jambo la haraka. Bernadetha atajifungua mwezi wa tisa. Uzazi uliopita alipasuliwa, na nesi amemwonya asithubutu kuzalia nyumbani. Gari jingine hapa la uhakika hakuna. Nimemwahidi kujaza magunia ya mchanga, nimemwahidi kwenda mwendo wa kinyonga. Juzi alinijibu akiwa anachambua maharage, hata hakuinua uso: "Kaka, nilimshika Mama miguu siku ile. Sipandi."

Naogopa, mdogo wangu. Majuto ni mjukuu, lakini huyu anayekuja ni mpwa wetu, na mama yake bado yuko hai.

Kwa hiyo nakuomba springi zile ulizoniambia mwanzo, za kawaida, kama gari lilivyotoka nazo kiwandani. Melkiadi anasema ongeza chuma kimoja cha msaidizi kila upande, kile kinachokaa bila kugusa mpaka mzigo uzidi. Wewe ndiwe utakayeamua, safari hii sitabisha. Reli imeshatengenezwa, zitume kwa treni, nitazipokea mwenyewe stesheni. Kwenye mavuno nitabeba gunia nane, basi.

Nisalimie shemeji Getrude, na mwambie kitenge cha Mama alichokipenda tumemtunzia. Watoto wote wape mikono. Ezekia anakusalimu sana, na Bernadetha pia, ingawa hajui nimeandika habari zake. Mungu aliyempokea Mama awalinde, na awape njia iliyonyooka.

Muuzaji akikuuliza gari linabeba nini, usimwambie magunia. Mwambie linabeba mwanamke mmoja mjamzito, amelala ubavu, anaogopa. Likikalia matako tena wakati wa mahindi, waache waliite Fisi. Nitapita sokoni nikiitikia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Silvesta Lyamba